Spea na vyuma: bei chee isiyo na jina, mpya yenye alama, au orijino iliyotumika?

Bolti mbili ziko kiganjani, zote M10 (kipenyo cha milimita 10), zote mpya, zote zinang'aa, urefu ule ule, na nati moja inaingia kwenye zote mbili bila shida. Bei ndo haifanani hata kidogo. Hapo wengi tunakwama, maana jicho halioni tofauti yoyote ila mfuko unaiona vizuri sana. Halafu anatokea fundi anasema achana nazo zote, kuna mashine imekufa kule nyuma, ngoja nikung'olee ya orijino, ile haifi. Basi njia zimekuwa tatu na hujui ushike ipi.

Kabla ya kulinganisha, hili la "imetoka nje" tulimalize kwanza. Chuma kutoka nje sio kosa. Kiwanda kile kile kinaweza kutoa bolti ya gredi ya juu yenye cheti na pia kikatoa mzigo wa kuuzwa kwa kilo, inategemea aliyeagiza alitaka nini na alikuwa tayari kulipa ngapi. Na nchi yenye sifa nayo haikukingi: mwaka 2013 kwenye daraja la Bay Bridge linalounganisha San Francisco na Oakland, nondo 32 kati ya 96 za kufungia zilikatika muda mfupi tu baada ya kukazwa, na zilitengenezwa hapo hapo Marekani. Mwaka 2017 Kobe Steel ya Japani ilikiri kwamba takwimu za ubora wa baadhi ya bidhaa zake zilichezewa. Kwa hiyo mimi nchi naiweka pembeni, naangalia mambo mawili: kuna mtu anayesimama nyuma ya hiki chuma, na je kikikatika kinaangusha nini.

Njia tatu tunazolinganisha ni hizi. Bei chee, yaani kitu kipya kisicho na jina la kiwanda, au chenye jina la kwenye boksi tu ambalo mzigo ujao linaweza kuwa lingine. Yenye alama, yaani kipya ambacho gredi na nembo ya mtengenezaji vimepigwa kwenye chuma chenyewe na ukitaka cheti unapewa. Na iliyotumika, orijino iliyong'olewa kwenye gari au mashine nyingine.

Vigezo vyangu ni vitano: nguvu na kama unaweza kuithibitisha, namna inavyovunjika, kutu, vipimo, na gharama yote pamoja na kazi ya kufungua na kufunga upya. Havina uzito sawa. Cha pili ndo kinachoumiza watu na ndo hakiangaliwi kabisa dukani.

Nguvu, na utaijuaje

Namba za kichwani zinasaidia sana ila wengi tunazipita tu. Bolti ya milimita ikiandikwa 8.8, namba ya kwanza zidisha kwa 100 unapata 800, hiyo ni nguvu ya kuivuta mpaka ikatike, kwa megapaskali. Namba ya pili inakwambia kwamba ikifika asilimia 80 ya hapo, yaani 640, bolti inaanza kurefuka na hairudi tena ilivyokuwa. 4.6 ni 400 na 240. 10.9 ni 1000 na 900. Ukichukua M10 ya uzi wa kawaida, ya 8.8 inakatika kwenye mvuto wa karibu tani 4.7 na ya 4.6 kwenye tani 2.4 hivi, na kwa macho ni bolti moja. Zile za inchi za mfumo wa Marekani zinatumia mistari, mitatu kichwani ni gredi 5, sita ni gredi 8, kichwa kitupu ihesabu gredi 2 basi.

Bei chee mara nyingi inakuja na kichwa kitupu, au ina gredi peke yake bila nembo. Kiwango cha ISO 898-1 kinataka vyote viwili kwenye bolti za kichwa cha pembe sita kuanzia M5, kwa hiyo ukiona 8.8 imekaa upweke bila herufi wala alama yoyote pembeni, anza kuuliza maswali. Kichwa kitupu chenyewe mimi sina ugomvi nacho, hakijakudanganya, kichukulie kuwa ni dhaifu na ukitumie kwenye kazi isiyohitaji nguvu, na kazi hizo ni nyingi kuliko tunavyodhani. Shida ni kichwa kinachodanganya. Miaka ya 1980 Marekani kulikuwa na bolti nyingi zenye mistari ya gredi 8 ambazo ndani ni chuma cha boroni chenye kaboni kidogo, ukiipima kwenye baridi inafaulu, ukiiweka sehemu yenye joto inalegea mapema kuliko gredi 8 ya kweli. Bunge lao lilichunguza na mwaka 1990 wakatunga sheria kabisa ya ubora wa bolti na skrubu. Yaani kipande cha chuma kidogo namna ile kikapelekwa bungeni.

Yenye alama faida yake kubwa ni kwamba kuna mtu wa kumuuliza. Kwa kazi kubwa omba cheti cha 3.1 kwa kiwango cha EN 10204, hicho kinabeba matokeo ya vipimo vya mzigo ule ule uliouziwa na namba ya myeyusho wa chuma. Kazi yako wewe ni kuangalia namba ya kwenye cheti na ya kwenye boksi zinafanana. Zisipofanana umeuziwa karatasi. Na bado usilale, maana nembo zinaigwa, hasa kwenye beringi ambako kuandika jina la kampuni kubwa kwa leza ni kazi ya dakika moja. Kwa beringi njia ya uhakika ni kununua kwa wakala ambaye kampuni yenyewe inamtambua, sio kwa kuangalia boksi lilivyochapwa vizuri, maboksi ya feki siku hizi ni mazuri kupita ya kweli.

Iliyotumika inachekesha kidogo hapa. Alama ipo, mtengenezaji yupo, na ilishafanya kazi miaka, kwa hiyo unajua haikuwa feki. Ila hujui ilikazwa mara ngapi, ilipigwa na nini, ilipata joto kiasi gani. Bolti za silinda hedi za injini nyingi za kisasa zimeundwa zikazwe mpaka zirefuke, na watengenezaji wenyewe wanasema ukifungua usirudishie. Ukilaza bolti kama hiyo pembeni ya mpya utaona imezidi urefu kidogo, au katikati ya uzi kuna shingo, sehemu imekonda, na nati ukiipeleka kwa mkono inakwama hapo hapo. Hiyo imeshatumika nguvu yake. Lakini vitu vizito vya kumwagwa, yaani chuma kilichoyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu, nyumba ya giaboksi, flenji, mabano manene, hivyo vikiwa havina ufa mara nyingi ni bora kabisa kuliko nakala mpya ya bei chee.

Inavyovunjika

Kuna vyuma vinakuaga na vingine haviagi. Chuma laini kinapinda kwanza, kinarefuka, kinalia, unapata muda wa kushtuka. Ukikaza bolti laini kupita kiasi mkono wenyewe unakwambia: spana ilikuwa inazidi kuwa nzito, ghafla inazunguka bila kuongeza uzito wowote, inakuwa laini laini. Hapo bolti imeanza kuondoka, simama. Bei chee ya chuma laini kwa hili naipa maksi zake kwa haki, ni dhaifu lakini inakupa taarifa.

Hatari iko kwenye bei chee inayojifanya ngumu. Chuma kigumu sana, kile cha 10.9 na zaidi cha 12.9, kikipitishwa kwenye asidi na umeme ili kipakwe zinki kinanyonya haidrojeni. Dawa yake inajulikana, unakioka kwenye nyuzi 200 hivi kwa masaa kadhaa haidrojeni itoke. Kuoka kunakula muda na umeme, na kwenye mzigo wa bei ya kutupa hiyo ni hatua rahisi kuiruka kwa sababu kwa macho hakuna atakayejua. Unafunga leo, inakaza safi, inafikia toki yake, yaani kiasi cha kukaza kilichoelekezwa, unaondoka. Kesho au keshokutwa kichwa kiko sakafuni, na hamna mtu aliyeigusa. Zile nondo za Bay Bridge ni mambo ya haidrojeni haya haya, na ule ulikuwa mradi wenye wahandisi na makaratasi yote. Kwa hiyo ukiona bolti ya 12.9 inang'aa zinki na haina jina, bora uiache. 12.9 nyingi za kueleweka ni nyeusi.

Kitu kingine ni vile vya zinki ya kumwaga, ile ambayo wengi tunaiita "alumini" au "bati gumu" lakini sio. Vitasa, makufuli, bawaba za kabati, koki, mikono ya madirisha. Chukua kitasa cha namna hiyo kilichovunjika uangalie pale palipokatika. Juu kuna ngozi ya kromu au ya rangi ya dhahabu, nyembamba, unaweza kuichokonoa kwa ncha ya kisu. Ndani ni kijivu, chembechembe kama chumvi ya mawe, na hamna popote palipopinda. Ilikuwa nzima, ikawa vipande viwili. Zinki yenyewe sio mbaya jamani, Zamak, ambayo ni aloi ya zinki ya kumwagia, ilibuniwa mwaka 1929 na New Jersey Zinc huko Marekani na siri yake ilikuwa kutumia zinki safi ya asilimia 99.99, kwa sababu risasi (madini ya ledi) kidogo tu ikichanganyika, chuma kinaliwa kutoka ndani, kinavimba na kupasuka chenyewe hata ukiwa hujakigusa. Ukiyeyusha takataka za kila aina ukamwaga kitasa, hicho ndo unapata. Na hata ile nzuri inayeyuka chini ya nyuzi 400, kwa hiyo kwenye mlango wa kuzuia moto isiwepo sehemu inayobeba.

Kwenye skrubu wengi wanachanganya ugumu na nguvu. Ile nyeusi ya jipsamu ni ngumu, inaingia vizuri, ila ukiipinda inakatika pwa. Kutundikia kitu kizito kinachotikisika nayo ni kujitafutia, hata iwe ya kampuni nzuri namna gani.

Yenye alama inavunjika pia, tusidanganyane, ila inavunjika pale ilipoandikiwa. Cheni ya gredi 80 ya kunyanyulia mzigo wake wa kazi umewekwa robo ya nguvu ya kukatika, kwa hiyo ukiheshimu namba una nafasi kubwa ya usalama. Kwenye cheni na shakeli za bei chee utakuta namba kubwa imepigwa pembeni, ukiuliza ni mzigo wa kazi au ni wa kukatika muuzaji anakuangalia tu. Namba isiyojulikana ni ya nini hiyo sio namba.

Iliyotumika tatizo lake ni uchovu wa chuma. Ufa unaanza pale kwenye kona ya kichwa au uzi wa kwanza, hauonekani mpaka usafishe kabisa, na siku ukimaliza safari yake inakatika bila kupinda. Ndo maana vitu vinavyotikisika na kubeba roho za watu, breki, usukani, kamba za kunyanyulia, iliyotumika siigusi hata iwe orijino ya wapi. Na sehemu isiyo na uhakika ikiwa pale panapotikisika, kwenye anga walijifunza vibaya: ndege ya Partnair namba 394 ilianguka tarehe 8 Septemba 1989 karibu na Denmark wakafa watu 55, uchunguzi ukakuta sehemu za kufungia bawa wima la mkia zilikuwa feki na dhaifu kuliko inavyotakiwa. Hapo bei na jina la boksi havikuonekana kwa macho, vilionekana angani.

Kutu

Mng'aro wa dukani haukwambii chochote. Zinki ya kupakwa kwa umeme ina unene wa mikroni 5 mpaka 12 hivi, ya kuchovya kwenye zinki ya moto inaanzia kwenye mikroni 45 na kupanda, na zinki inaliwa kidogo kidogo kila mwaka kwa hiyo unene ndo umri. Ya kuchovya ni ya kijivu, mbovu mbovu kwa sura, nene, nati yake inachongwa uzi mpana kidogo ili iingie. Watu wanaikataa kwa sura wanachukua inayong'aa halafu wanaifunga nje kwenye mvua.

Stenlesi ndo balaa. Kuna mfululizo wa 200, kama 201, ambao wamepunguza nikeli wakaweka manganizi, unafanana kabisa na 304, stenlesi ya kawaida, na sumaku hainasi kwenye wowote kati ya hizo mbili, au inanasa kidogo tu pale palipokunjwa. Kwa hiyo ule mtihani wa sumaku tunaojivunia nao unakamata stenlesi ya 430, ambayo sumaku inanasa, na chuma kilichopakwa, 201 inapita inacheka. Ndani ya nyumba pakavu 201 inakaa vizuri miaka. Jikoni, bafuni au nje inaanza madoa ya kahawia. Karibu na bahari hata 304 inashindwa, hapo unataka 316 ambayo ina molibdenamu. Kwenye bolti zenye alama utaona A2-70 kwa familia ya 304 na A4-80 kwa familia ya 316, hizo 70 na 80 ni nguvu, 700 na 800. Bei chee itaandikwa "stenlesi" kwenye boksi na basi.

Iliyotumika kwenye hili ndo mkweli kuliko wote, kama ingekuwa ya kutu ungeshaiona. Ila ngozi yake ya zinki imeshakwisha, ukiifunga nje bila kuipaka kitu itaanza upya kutoka sifuri.

Maji ya kunywa niyaseme hapa hapa. Koki ya rangi ya shaba ishike na sumaku: ikinasa ni chuma kilichopakwa, isiponasa bado inaweza kuwa zinki, kwa hiyo pima na uzito na angalia ndani ya tundu ambako rangi haikufika. Shaba ya manjano yenyewe huwa inawekwa risasi ili ichongeke kirahisi, na Marekani tangu mwaka 2014 wameweka kikomo cha wastani wa asilimia 0.25 kwenye sehemu zinazogusa maji ya kunywa. Bei chee isiyo na jina haikwambii ina ngapi. Na orijino ya zamani iliyotumika, ambayo kwa mengine ningeisifia, hapa ni mbaya zaidi maana ilitengenezwa kabla watu hawajajali.

Vipimo

Hapa ni haraka. Bei chee inapishana kutoka kipande hadi kipande, ya kwanza inaingia kwa mkono ya pili inataka spana ya tatu inacheza. Kwenye bawaba utaona tundu moja limekaa upande na mlango haufungi mpaka uusukume. Kwenye beringi, namba 6204 lazima iwe milimita 20 kwa 47 kwa 14 (tundu, nje, upana), na hata bei chee mara nyingi inatimiza hivyo, kinachokosekana ni ubora wa chuma cha gololi na grisi ndani, kwa hiyo kalipa, kile chombo cha kupimia vipimo, haitakuokoa. Iliyotumika vipimo ni safi ikiwa haijalika, isipokuwa beringi: ukiing'oa kwa kupiga au kuvuta ringi ya nje nguvu inapita kwenye gololi na zinaacha vidonda kwenye njia yake, ikirudishwa inaanza kulia.

Angalizo la M8 na inchi 5/16, kipenyo ni 8 na 7.94, unene unakaribiana sana lakini hatua ya uzi haifanani, nati inaingia mizunguko miwili unaamini imeshika unaongezea na spana, uzi umekula. Kopo la mchanganyiko la bei chee limejaa hizi.

Gharama yote

Sitaki kusema rahisi ni ghali, sio kweli kila mara. Kitu ambacho ukifungua kubadilisha unatumia bisibisi na dakika chache, bei chee inashinda hata ukibadilisha mara kwa mara. Hesabu inageuka pale ambapo kukifikia kipande chenyewe ni kazi. Skrubu ya kichwa laini iliyolika ndani ya mbao ngumu, bolti iliyokatika ndani ya injini ambayo sasa unatoboa katikati kwa drili ukiomba Mungu biti isiteleze kwenye alumini, hapo ulichookoa kwenye bei kimeshaliwa asubuhi ile ile. Na biti zenyewe, ile ya rangi ya dhahabu iliyoandikwa HSS (chuma kinachostahimili joto la kutoboa) wakati ni chuma cha kaboni kilichopakwa, inabadilika rangi ya bluu ncha kwenye tundu la kwanza la stenlesi.

Iliyotumika inaweza kuwa nafuu au ghali kuliko mpya, inategemea kama bado inatengenezwa. Gharama yake iliyojificha ni muda, kuitafuta, kuisafisha, na hakuna wa kukurudishia.

Vipimo vya mkononi, na mwisho wake

Tupa inasaidia kuliko wanavyosema. Ipitishe kwenye kona ya kipande kinachodaiwa kimetiwa ugumu, mfano pingu ya kufuli: ikiteleza kwa sauti kali bila kuuma ni kigumu kweli, ikitoa vumbi linalong'aa basi ni laini na msumeno utafanya vile vile. Sumaku nimeshasema. Uzito, linganisha na kipande unachokiamini cha saizi ile ile. Geuza ndani uangalie mshono wa kumwaga, mstari mwembamba unaozunguka kipande, huo unakwambia kimemwagwa kwenye kalibu hata kama muuzaji anasema kimefuliwa. Hivi vyote vinakamata uongo mkubwa. Hakuna hata kimoja kitakachokuthibitishia kwamba 8.8 ni 8.8, hiyo ni kazi ya mashine ya kuvuta.

Sasa wewe uko wapi

Unafunga kabati, droo, rafu nyepesi, kibanda cha muda, kava za mashine, bawaba za kimlango kidogo ndani ya nyumba: chukua bei chee bila aibu, nunua na za akiba, hela weka kwenye mbao au rangi. Skrubu tu ongeza kidogo upate zenye kichwa kinachostahimili bisibisi, mkono utakushukuru.

Kuna mtu atakaa juu yake, chini yake, au ndani yake inakwenda kasi: bembea, ngazi, jeki, breki, usukani, bolti za tairi, feni ya darini, kunyanyua injini. Hapo ni yenye alama tu, mpya, na kwa kunyanyua iwe na mzigo wa kazi umepigwa kwenye chuma. Hela isipotosha subiri. Hizi mbili nyingine sio chaguo hapa.

Mashine ya zamani ambayo spea zake hazitengenezwi tena: iliyotumika ndo yako, mwili, gia, mabano, nyumba za chuma. Ila bolti, beringi, sili na springi za kuifungia nunua mpya zenye alama, usirithi za marehemu. Kipande kikikosekana kabisa mchongaji mzuri wa leti atakuchongea bora zaidi ya ile nakala nyembamba, mradi umpe chuma cha gredi inayojulikana na sio kipande alichookota.

Kazi ya nje au ya bahari, amua kwa ngozi kwanza halafu jina: kuchovya kwa zinki ya moto au A4, na usichanganye stenlesi na alumini bila kutenganisha na plastiki au grisi, alumini italiwa pembeni ya bolti yako nzuri. Mlango wa mbele wa nyumba, silinda ya shaba yenye jina na pingu iliyotiwa ugumu, milango ya ndani weka chochote.

Una bajeti ya nusu nusu, ambao ndo wengi wetu: chora kazi yako, weka alama kwenye vile vipande ambavyo vikikatika kitu kinaanguka au kinaachia. Utashangaa ni vichache, labda bolti nne kati ya arobaini. Hizo nne nunua zenye alama, zilizobaki bei chee.

Na kama boksi zima la bei chee lenye 8.8 ya kutia shaka lipo tayari nyumbani, usilitupe, ni bolti nzuri tu za kazi nyepesi. Ila usizimwage kopo moja na zile za kuaminika, kwa sababu alama ni ile ile na wiki ijayo hata wewe hutazijua. Zipulizie rangi nyekundu vichwani zote kwa pamoja kabla hujaziweka, na mwambie fundi wako nyekundu haifungi breki.